Kidole, Saa na Zebaki

Alfajiri, kabla daktari hajafika wodini na kabla chai ya wagonjwa haijatoka jikoni, mhudumu aliye mdogo kuliko wenziwe wote kwa cheo hupita kitanda baada ya kitanda akichukua sinia yenye kipimajoto, pamba na kalamu. Humwekea mgonjwa kipimajoto kwapani, humshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa, hutazama kifua kinavyopanda na kushuka, humfunga mpira wa presha katika mkono wa juu, kisha huandika tarakimu zake katika chati na kuendelea mbele. Kazi hii huhesabiwa kuwa ni nyepesi, nayo hufundishwa katika majuma ya kwanza ya mafunzo, pamoja na kutandika kitanda na kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Lakini atakayeipekua tarikhi yake ataona kwamba dalili hizi za uhai hazikuanza katika mikono ya wadogo. Nyingi katika hizo zilikuwa milki ya mabingwa wa utabibu, zikaandikiwa vitabu vinene na kujadiliwa mbele ya wafalme, ndipo zikateremka daraja kwa daraja hata zikamfikia msichana aliyevaa sare mpya. Wapo wanaodhani kuwa kuteremka huko kuliziondolea hadhi. Mimi naona kwamba kabla ya hapo hazikuwa na manufaa makubwa kwa mtu yeyote isipokuwa tabibu mwenyewe.

Mapigo ya moyo ndiyo yaliyotangulia. Huko Iskandaria, yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, tabibu wa Kiyunani aitwaye Herophilus aliyapima kwa saa ya maji, na husimuliwa kwamba aliirekebisha saa hiyo kwa kadiri ya umri wa mgonjwa, kwa kuwa alikwisha kutambua kuwa moyo wa mtoto haupigi kama wa mzee. Fikira hiyo haikupata mrithi kwa karne nyingi. Galen, ambaye waandishi wa Kiarabu humwita Jalinus, mzaliwa wa Pergamon aliyewatibu makaisari wa Roma katika karne ya pili, aliandika vitabu kadhaa juu ya mshipa peke yake, lakini katika vitabu hivyo alishughulika zaidi na sifa ya pigo kuliko idadi yake: ni kubwa au dogo, gumu au laini, limejaa au tupu, linafuata utaratibu au limevurugika.

Aliyeipanga elimu hiyo ikapangika ni Ibn Sina, mzaliwa wa nchi ya Bukhara, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037. Katika kitabu chake kikubwa, al-Qanun fi al-Tibb, ambacho kilikuwa msingi wa masomo ya tiba Mashariki na Magharibi kwa mamia ya miaka na kupigwa chapa kwa Kiarabu katika mji wa Roma mwaka 1593, aliligawa pigo la mshipa katika sifa kumi, kisha akayapa majina mapigo yasiyo ya kawaida. Lilikuwako pigo la swala, ambalo hupanda, husita, kisha huruka tena kabla halijashuka. Lilikuwako la wimbi, la msumeno, la mkia wa panya, ambalo hupungua kidogo kidogo. Lilikuwako la mnyoo, na la mwisho katika unyonge lilikuwa la chungu, dogo, la haraka na dhaifu mno, ambalo tabibu alipolikuta chini ya vidole vyake alikuwa na sababu ya kuwaita jamaa za mgonjwa. Kuyajua haya kulitaka miaka ya kukaa na mwalimu, maana hapana maneno yawezayo kumfahamisha mtu ambaye vidole vyake havijapata kukutana na kitu chenyewe.

Hadithi moja ya zama hizo imependwa sana na wasimuliaji. Kijana wa ukoo wa mtawala wa Gurgan alidhoofika pasipo kujulikana maradhi yake, basi Ibn Sina akamshika mshipa huku mtu aijuaye nchi akitaja majina ya mitaa, kisha ya njia, kisha ya nyumba, kisha ya watu wa nyumba, na kila mshipa uliposhtuka alijua kuwa amekaribia, hata likatajwa jina la binti ambaye kijana alikuwa akimwashiki. Kisa cha namna hiyo kilikwisha kusimuliwa juu ya Galen, na kabla yake juu ya tabibu wa Kiyunani Erasistratus, hivyo mwenye kushuku anayo haki ya kushuku; walakini Ibn Sina mwenyewe aliieleza njia hiyo katika Qanun, katika mlango wa maradhi ya mapenzi, na kusema kuwa ameijaribu. Iwe kweli au iwe nakshi, hadithi inatuonyesha vizuri cheo cha mshipa katika siku zile: ulikuwa mlango wa siri za mtu, na ufunguo wake alikuwa nao mmoja katika maelfu.

Mwambao wetu haukuwa mbali na elimu hiyo. Watu wa pwani na visiwa, waliozoea kuvigawa vyakula na maradhi kuwa vya baridi na vya moto, na kumkataza mwenye kikohozi asile kitu cha baridi, walikuwa wakiishi ndani ya mafundisho yaliyotoka Uyunani yakapita Baghdad na Bukhara, ijapokuwa wengi wao hawakupata kulisikia jina la Galen. Upungufu wa elimu ile ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mkubwa: haikuweza kutoka katika kidole cha mwenyewe. Tabibu wa Unguja angeweza kumwandikia mwenziwe wa Mombasa kwamba mshipa wa mgonjwa unakwenda kama swala, lakini swala wa huyu si lazima awe swala wa yule, wala mgonjwa wa leo hakuweza kulinganishwa na nafsi yake ya juma lililopita isipokuwa kwa kumbukumbu.

Waliokigeuza kidole kuwa namba walikuwa watu wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18, na mwanzo wao ulikuwa wa kuchekesha. Santorio Santorio, profesa wa Padua aliyefariki mwaka 1636, alitundika kitu kizito katika kamba, akaifupisha au kuirefusha kamba hata kitu kile kikaning'inia kwa mwendo mmoja na mshipa wa mgonjwa. Hivyo mapigo ya moyo yakaandikwa kwa urefu wa kamba. Miaka mingi baadaye tabibu wa Lichfield katika Uingereza, John Floyer, alichoka kutumia saa za mchanga za mabaharia, akamwomba fundi amtengenezee saa iendayo kwa dakika moja barabara kisha isimame, na mwaka 1707 akatoa kitabu juu ya saa hiyo ya mshipa. Matabibu wenziwe hawakumshukuru. Walihisi, na sidhani kama walikosea, kwamba mtu akianza kuhesabu ataacha kuhisi, na swala, mnyoo na chungu wote watakwenda zao wabaki 72 na 110. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini 110 ya Lichfield ni 110 ya Lamu, na mtu asiyejua Kiarabu wala Kilatini aweza kuipata.

Joto lilikawia zaidi. Santorio huyo huyo alimtilia mgonjwa mdomoni tufe la kioo lililounganishwa na bomba jembamba, hewa ikapanuka kwa joto la mwili na maji yakashuka katika bomba, naye akaweka alama za kupimia. Chombo kilikuwa kikubwa, tena kilibadilika kwa hali ya hewa ya siku. Fahrenheit alipotengeneza kipimajoto chake cha zebaki mwaka 1714, na Celsius alipotoa vipimo vyake mwaka 1742, vyombo vilikwisha kuwa vya kuaminika, lakini wengi wa matabibu waliendelea kuweka kiganja juu ya paji la uso wakaridhika. Ilimbidi aje Carl Wunderlich, mkuu wa hospitali ya chuo cha Leipzig, mtu mwenye subira isiyo ya kawaida, akapima wagonjwa wapatao 25,000, akikariri vipimo asubuhi na jioni siku baada ya siku, na mwaka 1868 akatoa kitabu kilichomaliza ubishi. Alisema kwamba homa si maradhi bali ni dalili ya maradhi, na kwamba kila maradhi huchora njia yake: yapo yapandayo ghafla na kushuka ghafla, yapo yapandayo kwa ngazi, yapo yarudiayo kwa siku maalumu. Nyuzi 37 za Selsiasi, ambazo kila mhudumu huzijua kama ajuavyo jina lake, zimetoka kwake. Na uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1992 uliona kuwa wastani wa watu wenye siha uko karibu na 36.8, kwa hiyo hesabu ya Wunderlich ilizidi kidogo, kosa ambalo kwa vyombo vya wakati wake mimi naliona ni dogo.

Vyombo hivyo ndivyo vilivyokuwa mashaka. Kipimajoto cha Leipzig kilikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 20 na kilitaka kukaa kwapani robo saa au zaidi, na daktari mmoja mwenye wagonjwa 40 angeanza alfajiri akamaliza alasiri. Aliyeifungua njia ni Clifford Allbutt, tabibu wa Leeds, ambaye kati ya mwaka 1866 na 1867 alitengenezesha kipimajoto cha inchi 6 kilichotoa jibu kwa dakika tano. Kikaingia mfukoni. Na kitu kiingiacho mfukoni mwa daktari hakikawii kuingia mfukoni mwa muuguzi, hasa kwa kuwa wakati ule ule kazi ya uuguzi yenyewe ilikuwa ikipata umbo jipya: Florence Nightingale, baada ya vita vya Krimea na hospitali ya Scutari ng'ambo ya Istanbul, alikwisha kuanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas ya London mwaka 1860, naye alisisitiza kwamba muuguzi asiyejua kutazama na kueleza sawasawa alichokiona hana faida kwa mgonjwa. Wanawake hao walikuwako wodini mchana na usiku, jambo ambalo hakuna daktari aliyeliweza. Chati iliyotundikwa kitandani, yenye mstari wa joto na mstari wa mapigo, ikawa yao.

Damu ilikuwa ya mwisho kukubali kupimwa, na mtu wa kwanza kuipima hakuwa tabibu bali kasisi. Stephen Hales, mchungaji wa kanisa la Teddington karibu na London, alimlaza farasi jike akamfunga, akamtia mrija wa shaba katika mshipa mkubwa wa paja, akauunganisha na bomba la kioo, na damu ikapanda bombani zaidi ya futi 8 kutoka usawa wa moyo, ikichezacheza kwa kila pigo. Aliyaandika hayo mwaka 1733. Njia hiyo haikufaa kwa binadamu anayetarajiwa kuamka kesho. Miaka 163 ikapita ndipo Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, alipotoa mwaka 1896 chombo cha mpira ufungwao mkononi ukajazwa hewa huku zebaki ikipanda katika kioo, na husemekana kuwa chombo chake cha awali alikiunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kidau cha wino. Chombo hicho kilitoa namba ya juu tu, wakati mshipa wa kifundo unapopotea chini ya kidole. Namba ya chini ililetwa na daktari mpasuaji wa Kirusi, Nikolai Korotkov, ambaye mwaka 1905 alisimama mbele ya wenziwe katika chuo cha tiba cha jeshi huko St Petersburg akaeleza, kwa maneno yasiyotimia ukurasa mmoja, kwamba ukiweka chombo cha kusikilizia chini ya mpira huo utasikia sauti zikianza na kisha zikipotea, na kwamba mwanzo na mwisho wa sauti ndio mipaka ya presha. Chombo chenyewe cha kusikilizia kilikwisha kuwako tangu mwaka 1816, alipokibuni Laennec katika hospitali ya Necker mjini Paris. Kwa hiyo presha ya 120 kwa 80, ambayo leo hupimwa hata madukani na watu huizungumza barazani kana kwamba iliumbwa pamoja na Adamu, haijafikisha miaka 150.

Katika Afrika ya Mashariki vyombo hivi vilifika kwa njia ya misheni, ya majeshi na ya serikali za kikoloni. Mwaka 1897 Albert Cook, daktari wa misheni ya Kiingereza, na Katharine Timpson, muuguzi aliyekuja kuwa mkewe, waliwasili Buganda baada ya kutembea kwa miguu kutoka pwani, wakafungua hospitali ya Mengo. Na Cook alikuwa mtu wa kuandika kila jambo, hata maelezo ya wagonjwa wake yaliyohifadhiwa yamekuwa hazina ya watafiti wa maradhi ya zamani. Mwaka huo huo, katika Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, ilikuwa ikiwapokea Waafrika na Wahindi, wakati Wazungu wakijengewa yao kando ya bahari. Tofauti ya majengo ilikuwa kubwa. Lakini homa haikubagua, nayo chati ilikuwa na kazi nyingi kwetu kuliko Leipzig. Malaria irudiayo kila baada ya siku moja, homa ya papasi, ambayo daktari wa Kijerumani Robert Koch aliifuatilia huko Tanganyika mwaka 1905 na ambayo hushika kwa siku kadhaa, huachilia mtu akadhani amepona, kisha humrudia, na homa ya matumbo, ambayo joto hupanda kwa ngazi lakini moyo haukimbii kwa kadiri ya joto, zote ziliweza kutambuliwa na mwenye kuisoma mistari miwili ya chati mahali ambapo hapakuwa na hadubini.

Vita vya kwanza vya dunia vilihitaji mikono mingi kuliko Wazungu waliokuwako. Wapagazi waliokusanywa kwa maelfu walikuwa wakifa kwa kuhara na kwa homa, nao mtaa wa Kariakoo umebaki na jina lao. Na mwaka 1917 huko Uganda Major Keane aliunda kikosi cha tiba cha Waafrika, kilichowachukua vijana waliosoma katika shule za misheni na kuwafundisha kuwahudumia majeruhi na wagonjwa. Baada ya vita, katika miaka ya 1920, Tanganyika ilianzisha zahanati ndogo chini ya mamlaka za wenyeji, na ndani ya kila moja akawekwa dresa. Huyu dresa amesahauliwa na waandishi, jambo ambalo mimi naliona ni dhulma. Alisafisha madonda, alifunga bendeji, aligawa kwinini, na zilipokuja sindano za buba, ambazo zilifuta vidonda kwa majuma machache machoni pa watu, jina la serikali likapata heshima ambayo kodi haikuweza kuipata. Alikuwa na kipimajoto kimoja, na kikivunjika zebaki ikatawanyika sakafuni, aliandika barua wilayani na kungoja. Mgonjwa aliyetoka mbali alitaka kuwekewa chombo hicho hata kama ni jino lililomleta, na dresa mwenye busara alimwekea.

Katika daftari za watu kama hao na mabwana zao kulipatikana jambo moja ambalo hadi leo linawafikirisha wataalamu. C. P. Donnison, daktari wa serikali aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini katika Kenya, alipima presha za watu 1,000 wenye afya, akachapisha matokeo katika gazeti la The Lancet mwaka 1929. Huko Ulaya presha ilijulikana kupanda kwa kadiri ya umri, hata ikadhaniwa kuwa ni hulka ya uzee. Miongoni mwa watu wale haikupanda baada ya miaka 40, bali ilielekea kushuka, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakumwona hata mmoja mwenye maradhi ya presha. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta riziki Nairobi, wakaona presha yao imezidi ya ndugu zao waliobaki katika muda wa miezi michache tu, pamoja na kuongezeka kwa chumvi katika mkojo na uzito katika mwili. Hivyo namba iliyodhaniwa kuwa ya umri ilidhihirika kuwa, kwa sehemu kubwa, ni ya maisha. Na baba anayemwambia mwanawe kwamba babu zao hawakuijua presha hasemi upuuzi, ingawa sababu anazozitoa aghalabu si zenyewe.

Imebaki pumzi, ambayo nimeichelewesha kama ilivyocheleweshwa na matabibu. Haikupata chombo chake maarufu, wala mtu wake mashuhuri, na katika chati nyingi za wodini utakuta wagonjwa wote wamepumua mara 20, ishara ya kwamba hawakuhesabiwa. Walimu wa uuguzi hufundisha hila moja ya zamani: ukimaliza kuhesabu mapigo usiuachie mkono wa mgonjwa, endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu, huku macho yako yakiwa kifuani, kwa sababu mtu akijua pumzi yake inatazamwa huibadilisha bila ya kutaka. Katika miaka ya 1980 Frank Shann, daktari wa watoto aliyekuwa Goroka huko Papua New Guinea, alionyesha kwamba pumzi za haraka na kubonyea kwa kifua vyaweza kumtambulisha mtoto mwenye nimonia pasipo picha ya eksirei na pasipo chombo cha kusikilizia, ambacho masikio ya wengi hayakukizoea. Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka: mtoto wa miezi 2 hadi 11 apumuaye mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi 5 apumuaye mara 40 au zaidi, ahesabiwe kuwa na nimonia na atibiwe. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wenye elimu ya msingi, nao hupewa kisaa kidogo kiliacho baada ya dakika, kazi ile ile ambayo Floyer alimwagiza fundi wake.

Zebaki sasa inaondoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka utengenezaji, uingizaji na usafirishaji nje wa vipimajoto na vyombo vya presha vyenye zebaki ukome baada ya mwaka 2020, na mashine za betri zimeshika nafasi, zikipima joto, mapigo na presha kwa kubonyeza kitufe. Pumzi ya mtoto katika zahanati bado huhesabiwa kwa jicho. Mama hutakiwa amfunue mwanawe kifua, amtulize, asimnyonyeshe wakati huo, na mhudumu huhesabu dakika nzima, maana mtoto mdogo hupumua haraka kisha akasita, na atakayehesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili atapata namba isiyo ya mtoto huyo.